Kampa ya Jaduong', dipoziti ya Mwalimu, na zile pedi za breki

Hii kesi niliitwa kusaidia kuisuluhisha kati ya watu wawili ninaowaheshimu, na wote wamekubali niiandike bora nisitaje majina yao, basi mmoja nitamwita Jaduong' na mwingine Mwalimu kwa sababu hivyo ndo wanaitana, hata siku ile walikuwa wamekasirikiana kabisa. Mimi kazi yangu ni madai ya bima za magari hapa Nakuru, na Mwalimu tunasali kanisa moja, ndo maana simu ilikuja kwangu.

Jaduong' amestaafu, anakaa Kisumu, na ako na Toyota HiAce ya dizeli, ile ya paa la juu. Aliipeleka kwa mafundi wa mbao na wa weldi pale Kibuye wakaigeuza kampa: kitanda cha watu wawili nyuma, viti vinavyolazwa vikawa kitanda cha watoto, jiko la gesi la vichomeo viwili, sinki ya jerikeni, friji ya volti 12, paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, na choo cha kubeba, kile cha plastiki chenye tangi chini. Alikuwa ameitengeneza yake na mama, waende Mbita kupumzika na wahudhurie matanga ya mbali bila kusumbua watu na malazi. Halafu watu wakaanza kumuuliza kama anakodisha, akaona pesa ya pensheni haitoshi, akaanza kuitoa mara moja moja.

Mwalimu anafunza sekondari hapa Nakuru, ako na mke na watoto watatu. Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka akataka kuzungusha familia magharibi yote bila kulipia hoteli kila usiku, vyumba viwili kila mahali, chakula cha watu watano, hiyo hesabu anayejua ni mzazi. Mtu akampa namba ya Jaduong'. Wakaongea WhatsApp, wakakubaliana shilingi 12,000 kwa siku, siku tano, yaani 60,000, na dipoziti ya 40,000 juu, zote zikaenda kwa M-Pesa. Mafuta ni ya mteja. Nimezisoma hizo meseji zote kuanzia juu mpaka chini na mkataba wao mzima ukiutoa salamu na habari za familia ni sentensi moja ya Jaduong': "Rudisha vile umeichukua." Mwalimu akajibu na kidole gumba.

Sasa hiyo sentensi ndo kesi yenyewe. Inasikika vizuri, ni ya kiungwana, na wazee wetu wamekopeshana ng'ombe na jembe kwa maneno kama hayo miaka yote. Lakini ng'ombe kila mtu anamwona. Gari yenye nyumba ndani ina vitu pengine hamsini ambavyo macho hayaoni, unene wa pedi za breki, umri wa betri, maji ndani ya mafuta ya breki, na kama hakuna mahali imeandikwa ilichukuliwa vipi, basi kila mtu atabaki na "vile" yake na zote zitakuwa za ukweli kwake.

Safari wacha niieleze haraka. Walitoka Nakuru na matatu mpaka Kisumu, wakachukua kampa asubuhi, wakapanda Kiboswa, Majengo, Chavakali mpaka msitu wa Kakamega upande wa Isecheno, wakalala huko usiku mbili. Wakaenda Kitale kupitia Webuye, wakaona swara wa majini wa Saiwa Swamp, ile mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa Kenya. Kitale Mwalimu akanunua gunia mbili za mahindi kwa sababu ilikuwa msimu na bei ilikuwa nzuri. Wakarudi na Eldoret, Kapsabet, Nandi Hills, wakateremka Chemelil, wakaingia Kisumu. Odometa ilisoma kilomita 430 na kitu ukihesabu na kuzungukazunguka.

Walifika kwa Jaduong' saa mbili usiku, Jumapili, mvua inanyesha. Mama akawapikia chai. Watoto walikuwa wamechoka, magunia yakashushwa, kulikuwa na matatu ya kurudi Nakuru ya kuwahi, funguo ikawekwa mezani na Jaduong' akasema "sawa Mwalimu, kesho nitakutumia pesa yako." Hakuna mtu alitoka nje na tochi. Kila mtu alikuwa anajaribu kuwa na adabu, na mimi siwalaumu kwa hilo, kutoka kwenye chai ya mtu ukaanza kumulika gari yake kwa mvua inaonekana kama kumshuku.

Kesho yake Jaduong' alipoiwasha akasikia chuma inasaga chuma. Makanika akatoa magurudumu ya mbele, pedi zimeisha mpaka bati, disiki zimepauka rangi ya bluu na moja imepinda. Friji haiwaki, betri ya nyumba, ile inayolisha friji, si ya injini, inasoma volti 9. Na akafungua choo akapata tangi limejaa, halijamwagwa. Hapo akanyamaza. Mwalimu anatuma meseji, tiki mbili za bluu, hakuna jibu, siku nyingine tena, tiki za bluu, hakuna jibu. Ilipofika Ijumaa ikaja picha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: disiki 14,000, pedi 4,500, mafuta ya breki 1,000, fundi 3,000, betri mpya 18,000, kuosha gari na choo 3,000, na wageni wa Krismasi wa siku tatu waliokosa gari 36,000. Jumla 79,500. Toa dipoziti, bado Mwalimu anadaiwa 39,500.

Mwalimu alinipigia sauti inatetemeka. Alikuwa anasema ameibiwa. Na nilipompigia Jaduong' naye alikuwa anasema ameharibiwa gari na mtu msomi ambaye hana shukrani. Nikawaambia tukutane Kisumu, gari ikiwepo, makanika akiwepo, na kila mtu aje na simu yake bila kufuta kitu.

Tuanze na breki kwa sababu hapo ndo pesa nyingi ilikuwa na ndo mahali watu wawili wanaweza kuwa na haki nusu nusu. Pedi mpya ya gari kama hiyo inakuja na nyama ya milimita 10 hivi au zaidi, na ikitumika kawaida inaenda maelfu mengi ya kilomita. Haiwezekani itoke mpya mpaka bati kwa kilomita 430, isipokuwa kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwa disiki, imekwama, na makanika alishaangalia kalipa akasema ziko sawa. Kwa hivyo pedi zilikuwa mwisho mwisho siku Mwalimu anachukua funguo. Jaduong' hakukubali mwanzoni, akasema gari ilifanyiwa sevisi. Nikamuuliza sevisi ya nini, ikawa ni oili na filta. Breki hakuna mtu alizifungua.

Kilichomaliza ubishi ni simu ya binti wa Mwalimu. Ako kidato cha pili, na asubuhi ile wakiingia petroli stesheni pale Mamboleo kujaza dizeli, nusu saa hivi baada ya kuchukua gari, alikuwa anarekodi video ya status, anaonyesha kitanda, anaonyesha jikoni, anacheka na ndugu zake. Na nyuma ya kicheko chao, gari inapopunguza kusimama kwa pampu, unasikia mlio mwembamba mrefu wa chuma, iiiiii, halafu unakatika gari ikisimama. Makanika aliisikiliza mara moja tu akamrudishia simu. Pedi nyingi zina kipande kidogo cha bati kilichowekwa makusudi, nyama ikibaki milimita mbili tatu kinagusa disiki na kulia ili dereva ajue. Video ilikuwa na tarehe na saa. Jaduong' akaomba aisikize tena, akaisikiza, akasema polepole, "Hiyo ni ya kwangu."

Lakini disiki za bluu ni habari nyingine, na hapa ilibidi nimgeukie Mwalimu. Bluu inamaanisha joto kali sana. Kutoka Nandi Hills, ambako uko juu ya mita 2,000, mpaka Chemelil chini kwenye miwa, unateremka karibu mita 800 kwa barabara ya kona. Nikamuuliza ulikuwa gia ngapi. Akasema ya nne, na mguu kwa breki, kwa sababu mama watoto alikuwa anaogopa spidi. Ongeza mzigo: makabati ya mbao ngumu, maji, mtungi, watu watano, na magunia mawili ya kilo 90, hiyo ni kilo 180 za mahindi peke yake ambazo Jaduong' hakuambiwa. Gari nzito kwa mteremko mrefu inatakiwa ishikwe na injini, gia ya pili au ya tatu, breki unagusa unaachilia, unagusa unaachilia. Ukiacha mguu hapo joto halina mahali pa kwenda.

Halafu kuna kitu Mwalimu alisema ambacho kilinifanya niweke kalamu chini. Alisema walipokaribia chini walisikia harufu ya kuungua na pedali ikawa laini, inaingia ndani bila gari kushika, akapata bahati akashusha gia na kuna mahali pamesawazika akasimama. Walikaa hapo karibu saa moja. Pedali kuwa laini hivyo ni mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwa nyuzi 205, lakini yanavuta unyevu hewani kadri miaka inavyoenda, na yakishapata maji kiwango chake kinashuka mpaka kama nyuzi 140. Ya gari hii yalikuwa meusi kama kahawa. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na mguu wako unabana hewa badala ya breki. Watoto watatu walikuwa ndani. Tulikuwa tumekaa tunapigania elfu kumi na nne za disiki, na ukweli ni kwamba familia nzima ilikuwa imekaribia kufa pale, na walikaribia kufa kwa sababu mbili zilizokutana, mafuta ambayo mwenye gari hakubadilisha na mguu ambao dereva hakuuinua. Nililisema hivyo hivyo mezani na hakuna aliyejibu kwa muda.

Betri. Hapa Jaduong' aliamini kabisa wamemharibia, na kwa jicho la kawaida angekuwa sawa, betri ilitoka inafanya kazi ikarudi imekufa. Lakini fanya hesabu. Betri ya asidi ya Ah 100, yaani ampea-saa mia moja, kwa volti 12 ina wati-saa 1,200, na ukitaka iishi haufai kupita nusu, kwa hivyo ya kutumia ni 600. Friji ya wati 45 au 50 ikiwaka nusu ya muda inakula karibu hiyo 600 yote kwa siku moja. Kinachookoa ni sola. Sasa wao walipaki usiku mbili chini ya miti ya Isecheno, msitu wa mvua, mawingu, matawi yamefunika paa lote, paneli ya wati 200 hapo haikuletei chochote cha maana. Na vijana walikuwa wameunganisha wufa kwa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Siku ya pili friji ikazima, wakadhani ni fyuzi, wakaendelea kuchaji simu kwa kile kilichobaki mpaka betri ikaisha kabisa.

Je, walikosea? Wufa ndio. Lakini nani aliwaambia? Jaduong' mwenyewe anajua akifika mahali anapaki juani na anazima friji usiku, anajua kwa sababu ni yake, ameishi nayo, na hakuona ni kitu cha kueleza. Hakuna mita ya volti mle ndani, hakuna kifaa cha kukata umeme betri ikishuka. Na stika ya betri ilionyesha imeshamaliza miaka minne. Betri mpya ikishushwa mara moja hivyo mara nyingi unairudisha na chaja, iliyozeeka hairudi. Kudai bei ya betri mpya kwa betri ya miaka minne si haki, ni kama kukanyaga kandambili ya mtu iliyokatika akakudai viatu vya ngozi.

Choo sasa. Nitasema waziwazi kwamba choo ndo kilimuuma Jaduong' kuliko breki na betri zikiwekwa pamoja, na ndo sababu alinyamaza wiki nzima. Mtu mzima, umri wa baba yako, unamwachia kinyesi cha familia yako akimwage? Mwalimu alipoelezwa hivyo uso ulimbadilika, akasema hakujua kama tangi linatoka, alidhani kuna mahali pa kupeleka gari wanalinyonya. Mama watoto naye akainama. Aliomba msamaha papo hapo, kwa Jaduong' na kwa mama, na kutoka dakika hiyo mazungumzo yakawa ya watu. Ukikodisha kampa yenye choo, onyesha kinavyofunguliwa, kinamwagwa wapi, dawa yake ni gani, na mteja naye aulize hata kama anaona haya. Dakika tatu za haya asubuhi zingezuia wiki nzima ya chuki.

Nilipokuwa ndani ya gari niliona kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekilalamikia. Mtungi wa gesi wa kilo 6 umefungiwa ndani ya kabati chini ya sinki, kabati limeziba pande zote, na watoto wanalala hatua moja kutoka hapo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, inajaa sakafu. Kabati la mtungi linafaa kuwa na tundu chini kabisa linalotoka nje ya gari, na lizibwe upande wa ndani. Nilimwambia Jaduong' arudi Kibuye siku hiyo hiyo, na alienda. Na usiku jiko lisiwashwe kupasha joto milango imefungwa, hewa chafu ya moto haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Nikaja kwa bima, na hapa naomba mnivumilie maana ndo kazi yangu na naona watu wakipotea kila mwaka. Mwalimu alitaja kwa kupitia tu kwamba pale Chavakali kioo cha pembeni kiligusa bodaboda, kijana akaanguka, akachubuka goti, wakampa 3,000 wakaachana. Nikamuuliza uliripoti? Hapana. Sheria ya trafiki inataka ajali ya kuumiza mtu iripotiwe polisi ndani ya saa 24, na ukiachana na mtu kwa mkono hivyo hakuna kinachomzuia kesho kwenda kuandikisha kwamba ulimgonga ukatoroka.

Lakini kubwa ni hii. Nilimwomba Jaduong' cheti cha bima. Komprihensivu, imelipwa, nzuri, ila ni ya gari ya matumizi binafsi. Bima ya binafsi kwa kawaida inasema wazi ndani ya karatasi ambazo hatusomi kwamba haifuniki gari ikikodishwa kwa pesa. Siku Mwalimu alipotuma ile 60,000, gari iliondoka kwenye kile kilichokatiwa bima. Ingeanguka pale mteremkoni, kampuni ingeuliza nani alikuwa anaendesha na kwa nini, ingeona M-Pesa, na ingekataa kulipa gari. Kijana wa bodaboda angevunjika mguu, sheria ya bima ya magari, Sura 405, inampa yeye kinga fulani kama mtu wa nje, na kuna kiwango cha mwisho cha shilingi milioni 3 ambacho kampuni inalazimika nacho kwa mtu mmoja aliyeumia, lakini kampuni inaweza kwenda kortini ikane hiyo bima, na hata ikilipa inaweza kumgeukia mwenye gari iidai pesa yake. Na mwenye gari na dereva wote wanashtakiwa kwa majina yao. Pensheni, shamba, mshahara wa ualimu. Kwa kampa ya 12,000 kwa siku.

Kule nje watu wanakodishana gari hizi kwa majukwaa kama Outdoorsy ya Marekani au Camplify ya Australia, na moja ya sababu mtu analipa asilimia kwa jukwaa ni kwamba kuna bima inayofunika ile safari. Hapa kwetu mtu na mtu wakipatana WhatsApp hicho kipande hakipo, lazima mwenye gari akakinunue mwenyewe: anamwambia wakala kwamba gari inakodishwa, mteja anaendesha mwenyewe, na imegeuzwa ndani. Malipo yanapanda, na ni sawa yapande, aongeze kwa bei ya siku. Pia kama umegeuza gari muundo wake, kitabu cha gari kule NTSA, mamlaka inayosajili magari, kinatakiwa kiseme hivyo, kwa sababu mtu wa kampuni ya bima akija kukagua baada ya ajali akapata kitabu kinasema van ya mizigo na ndani kuna vitanda na jiko, umempa sababu ya pili ya kukataa. Mteja naye ana haki ya kuomba cheti aone kimeandikwa nini, na kuingia eCitizen alipie utafutaji wa gari aone jina la mwenyewe linalingana na jina lililotokea kwa M-Pesa. Mwalimu alituma laki moja kwa mtu ambaye hakuwa amewahi kumwona. Alibahatika kwamba ni mtu mwema.

Wote wawili walikuwa wanatishana na korti, na korti ipo kweli, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016, inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa imalize ndani ya siku 60, unaweza kujisimamia bila wakili, na yule anayeshtakiwa anaweza kuleta dai lake hapo hapo. Kisumu ipo na Nakuru ipo. Haijifungi kabisa na kanuni kali za ushahidi, kwa hivyo meseji za WhatsApp, M-Pesa na ile video vingesikizwa. Lakini niliwauliza, hakimu akisema nionyesheni gari ilikuwaje asubuhi ile mlipoachana, mtaonyesha nini? Jaduong' hakuwa na picha hata moja. Mwalimu alikuwa na video ya binti yake aliyokuwa anaringia marafiki. Hapo ndo walikubali tumalizie mezani.

Tukagawa hivi, na sababu zake nilizisema moja moja kila mtu akisikia. Pedi na mafuta ya breki, 5,500, ni za mwenye gari, ni matunzo ya kawaida yaliyopitwa na wakati. Disiki na fundi, 17,000, nusu kwa nusu, kwa sababu pedi zilizoisha zilisaga na mguu wa dereva uliunguza, kwa hivyo Mwalimu 8,500. Betri, Mwalimu alipe robo, 4,500, kwa wufa na kwa kuendelea kuchota umeme wakati friji imeshazima. Kuosha na choo, 3,000, zote za Mwalimu, na hizo alitaka mwenyewe kulipa zaidi, Jaduong' akakataa. Wageni wa Krismasi, sifuri. Jaduong' aling'ang'ana hapo kidogo, na namwelewa, 36,000 ni pesa, lakini gari yenye pedi zile na mafuta yale haikufaa kutolewa kwa mtu yeyote Krismasi, na kama hao wageni ndo wangetangulia labda tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Jumla ya Mwalimu ikawa 16,000, na akarudishiwa 24,000 kwa simu tukiwa bado tumekaa.

Niliwaandikia karatasi ya makabidhiano, kurasa mbili, sitayataja yote hapa ila ya muhimu ni kwamba inajazwa na wawili wakiwa wamesimama kwa gari mchana, na inarudiwa siku ya kurudisha, na mkifika usiku gari inalala pale na karatasi inajazwa asubuhi hata kama ni mvua na matatu. Video moja ya kuzunguka nje, moja ya ndani, odometa, mafuta. Volti za betri zilizosomwa na mita ya fundi, karibu 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 hivi ikiwa nusu. Unene wa pedi, makanika akiandika na kuweka tarehe. Zile namba nne za tairi, kwa mfano 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, ziandikwe za tairi zote tano pamoja na ile ya spea. Mzigo wa juu kabisa kwa kilo, na kama unapanga kubeba mahindi sema kabla. Dipoziti irudishwe ndani ya siku ngapi, na kama kuna shida mwenye gari aseme ndani ya saa 48 na picha, asinyamaze. Mahali pa bima kuna mstari unaouliza cheti ni cha aina gani, na chini yake mteja anaweka sahihi kwamba amekiona.

Jaduong' aliusoma huo mstari wa bima akauliza kama anaweza kuuruka kwa sasa, maana tayari kuna familia ya Eldoret imelipia Pasaka. Nikamwambia hapana, na nikampigia wakala palepale akiwa anasikia. Familia ya Eldoret imeambiwa isubiri mpaka cheti kipya kitoke, na kama hakitatoka kabla ya Pasaka watarudishiwa pesa yao yote.